Viganja vya Mwanakhamisi

Mbeya, 17 Juni 1956

Mdogo wangu Kudra,

Nimefika salama, na nimeganda. Baridi ya Mbeya haipigi hodi. Inaingia na kulala kitandani kabla yako. Asubuhi mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, na wapita njia unawasikia wakikohoa kabla hujawaona. Mwambie mama mdogo kwamba blanketi lake, lile nililokataa kulibeba mkaligombania na Yunusu mpaka likaingia sandukuni, ndilo linaloniweka hai.

Muhidini ni mtu mpole. Ulisema mwanaume aliyefiwa na mke huwa ama mpole mno au mkorofi mno, basi mimi nimepata wa kwanza. Anatoka alfajiri kwenda dukani, na kila juma anashuka na lori lake Chimala kununua mpunga. Mama mkwe ananiita mwali na hataki niguse maji ya baridi. Mpaka sasa sina la kulalamikia, na unajua ninavyopenda kulalamika.

Kuna jambo moja tu. Nyumba hii ina chumba cha uani kisicholaliwa. Ni cha marehemu, yule mke wa kwanza, Mwanakhamisi, aliyekufa mwaka juzi kwa uzazi. Kitanda kimetandikwa. Kitana chake kiko dirishani na nywele zake zimo. Nilipouliza kwa nini hazijatolewa, mama mkwe alinijibu, "Hizo zake, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayemtunzia vitu jirani aliyetoka kidogo. Sikuuliza tena.

Hina uliyonipaka imefifia. Ile nyota uliyonichorea katikati ya kiganja cha kushoto ndiyo iliyochelewa kuondoka. Jana nilikuwa nasugua sufuria nikaiona inakwenda na masizi, nikasikitika kidogo. Nikajiambia, basi, ubibi harusi umekwisha, sasa ni mke wa mtu.

Msalimie kaka Yunusu. Na wewe uniandikie mambo ya maana, si habari za kuku.

Ni mimi dada yako,
Jaha


Iringa, 8 Julai 1956

Dada Jaha,

Barua yako nilimsomea mama, nikaruka pale pa chumba cha uani. Unamjua: angefukiza ubani hapa Iringa akitaraji moshi ukufikie huko. Kuku wawili wamekufa kwa kideri. Hiyo ndiyo habari ya kwanza, na ni kwa makusudi.

Ya pili ni ya Yunusu. Shemeji Muhidini amempa kazi ya utingo kwenye lori lake, kwa hiyo kaka yetu sasa ni mtu wa njia: Iringa, Chimala, Mbeya, na kurudi. Amebadilika. Anatembea ametanua mabega, mlangoni anapita ubavu. Juzi alikuja na rafiki yake Philbert wakakaa nyuma ya jiko, wakidhani sipo. Yunusu alikuwa anasimulia kwamba alipata "ugonjwa wa wanaume" huko Chimala. Kidonda kimoja tu, hakiumi, na mzee mmoja wa mizizi alimpa dawa ya kunywa kikakauka. Philbert akacheka, akamwambia, "Sasa umekuwa dume, bwana. Fahali asiye na kovu bado ni ndama." Wakapeana mikono kana kwamba mmoja wao ameposa.

Nilimuuliza mama ugonjwa wa wanaume ni upi. Akaniambia msichana mwenye haya hana masikio ya namna hiyo. Nikamuuliza Tekla, binti wa mzee Danieli, tuliyesoma naye. Yeye alisema kwao wanafundishwa kwamba ni adhabu ya wazinzi, na mtu aliyetulia haumpati hata akilala nao chumba kimoja. Basi nikaona hautuhusu, nikaacha.

Hina nyingine nitakupaka ukija kujifungua. Fanya haraka.

Mdogo wako mtukutu,
Kudra


Mbeya, 26 Agosti 1956

Kudra,

Nina habari mbili, na sijui nianze na ipi. Nina mimba. Mama mkwe aliijua kabla yangu, kwa namna nilivyokataa samaki. Muhidini aliposikia alisimama, akatoka nje, akakaa uani peke yake muda mrefu. Nilidhani anashukuru.

Habari ya pili ni kwamba hina imerudi.

Usicheke. Nilikuwa naosha mchele, nikageuza mikono, nikaona mabaka mekundu ya udongo viganjani. Yana rangi ileile ya hina iliyokaa siku chache. Hayawashi, hayaumi. Nilisugua kwa ndimu, nikasugua kwa jivu, hayakutoka. Nilipovua viatu nikakuta na nyayo nazo zina mabaka. Kudra, miguu hukunipaka mabaka. Ulinipaka ukingo na maua.

Mama mkwe alinikuta hapo. Ungo ulimtoka mikononi, mchele ukamwagika wote, naye si mtu wa kumwaga mchele. Akanishika vidole akavifungua kimoja kimoja, akatazama kiganja, akatazama uso wangu, akatazama tena kiganja. Kisha akasema, "Hii mikono mimi nimeiosha." Nikamuuliza lini. Akasema, "Siku nilipomwosha Mwanakhamisi."

Marehemu alikuwa nayo, Kudra. Mama mkwe anasema hina ile ilimtokea siku moja bila kupakwa, ikaondoka, ikarudi. Alizika watoto wawili wasiolia, na wa tatu akazikwa naye. Sasa mama mkwe haniiti mwali tena. Ananitazama ninavyopita.

Naogopa. Nakwambia wewe tu.

Jaha


Iringa, 6 Septemba 1956

Dada Jaha,

Niambie ukweli: unanitania? Maana wewe ndiye uliyefunga shuka la marehemu babu ubavuni mwa mbuzi, na hukucheka mpaka mbuzi alipofika msikitini. Kama umejipaka mwenyewe ili unitishe, umefaulu. Andika useme, nami nitakusamehe baada ya kukutukana.

Kama hunitanii, basi sikiliza. Hina niliisaga mimi, nikaichuja mimi, nikakupaka mimi kwa mkono wangu. Ilikuwa haina kitu ila majani, ndimu na sukari. Haikutoka kwa maiti yeyote. Najua hilo, na bado tangu nipate barua yako sijaweza kuigusa ile iliyobaki. Iko kwenye kopo juu ya kabati, na sipiti karibu.

Nimemwambia mama kidogo, si yote. Anasema wake wa kwanza waliokufa na kinyongo huwa hawaendi mbali, na usikae peke yako magharibi. Mimi nakwambia ule, ulale, na umtunze huyo aliye tumboni. Nimefurahi kwa ajili yake. Nilitaka kuanza na hilo, nikashindwa.

Kudra


Mbeya, 30 Septemba 1956

Kudra,

Sikutanii.

Mama mkwe alimleta fundi wa pepo, mwanamke wa makamo, mkimya. Alinitazama viganja akasema marehemu amerudi kudai nafasi yake, na asipopewa kwa heshima atamchukua mtoto. Kwa hiyo nimehamishiwa chumba cha uani. Nalalia kitanda chake, navaa kanga zake, na watu wote wa nyumbani wananiita Mwanakhamisi. Jaha amesafiri, ndivyo wanavyosema. Kilicho cha Mwanakhamisi hakuna ruhusa ya mtu kukigusa, hata Muhidini. Chakula changu kinawekwa kizingitini kwa mikono miwili, na mama mkwe, ambaye zamani alinipigia kelele kwa chumvi, sasa akiingia anainama.

Kila Alhamisi alasiri fundi anakuja na ngoma ndogo na ubani. Wanataka marehemu anipande kichwani aseme anachotaka. Mpaka sasa hajasema. Nakaa, moshi unaniingia machoni, nawaza kupika.

Na mabaka yameondoka, Kudra. Yalififia moja moja mpaka viganja vikawa vyangu. Nyumba nzima ilishukuru. Lakini sasa nywele zinanitoka vipande vipande, na asubuhi nikichana, kitana kina nywele nyingi, na sijui zipi zangu zipi zake.

Muhidini haji chumbani. Mara moja tu alikuja, mabaka yakiwa bado, akasimama mlangoni, akasema, "Usihangaike nayo. Hayo huisha yenyewe." Nikamuuliza amejuaje. Akageuka akaondoka, na nilimsikia uani akilia, kilio cha mtu aliyejiziba mdomo.

Siumwi. Wala usidhani naishi vibaya. Kuna siku mama mkwe akiita Mwanakhamisi naitika kabla sijafikiri.

Jaha, ambaye huku ni Mwanakhamisi


Iringa, 22 Oktoba 1956

Dada yangu Jaha,

Soma barua hii ukiwa umekaa.

Yunusu alirudi jana. Nilimwandalia ugali, nikaleta birika na beseni nimnawishe. Akakinga mikono, nikaanza kumwaga maji, na nikaendelea kumwaga mpaka birika likaisha na maji yakamfika magotini, maana nilikuwa siwezi kuacha kutazama. Hina yako iko mikononi mwa Yunusu. Mabaka yaleyale uliyoniandikia. Yunusu hajapata kuwa bibi harusi wa mtu, na Mwanakhamisi hakumjua hata kwa sura.

Nilimwambia, "Kaka, umepata wapi hiyo?" Akasema ni grisi ya lori. Nikamwambia avue viatu. Alipoona nyayo zake mwenyewe alikaa chini, ubwana wote ukamtoka.

Amenieleza. Chimala, nyuma ya mashine ya mpunga, kuna nyumba yenye mlango wa buluu, ya mambo unayoweza kukisia. Aliyempeleka mara ya kwanza ni shemeji Muhidini. Alimwambia mwanaume lazima aijue dunia, na kwamba yeye anaingia pale tangu hajaoa hata mke wa kwanza. Ule ndio "ugonjwa wa wanaume" waliokuwa wakiuchekea nyuma ya jiko.

Leo nimemvuta Yunusu mpaka hospitali. Alitaka tupite njia ya nyuma ili asionekane, nikampitisha sokoni. Ni kaswende, dada. Wametueleza bila kung'ata maneno. Kidonda hukauka chenyewe hata usipokunywa kitu, ndiyo maana yule mzee wa mizizi anasifiwa. Kisha mwili hutoa mabaka, nayo huondoka yenyewe, na nywele hunyonyoka. Kila kinapoondoka kitu, mtu hudhani amepona. Ugonjwa hauondoki, umekaa ndani kimya. Na mwanamke akiwa na mimba, humwingia mtoto. Wale watoto wasiolia wa Mwanakhamisi hawakuchukuliwa na mzimu.

Tekla alikosea, nami nilikosea kumsikiliza. Wewe umetulia maisha yako yote, na ugonjwa umekupata.

Kuna sindano ya pensilini. Inaponya, na ukipigwa sasa itamfikia na mtoto pia. Upigwe wewe, apigwe na mumeo, wote wawili, vinginevyo ni kuteka maji kwa pakacha. Nenda hospitali ya hapo Mbeya. Usingoje Alhamisi.

Nakupenda, na nina hasira ambayo sijui niiweke wapi.

Kudra


Mbeya, 2 Novemba 1956

Kwa shemeji Kudra,

Salamu. Barua yako nimeifungua mimi, kwa kuwa sanduku la posta ni langu. Nimeisoma mara moja, nikaitia jikoni ikaungua mbele ya macho yangu. Mke wangu hakuiona na hataiona.

Shemeji, wewe ni msichana, na umeandika maneno ambayo wanaume hawayasemi wenyewe kwa wenyewe. Mimi sina ugonjwa. Niliwahi kuwa nao ujanani kama vijana wenzangu wote, nikatibiwa, ukakauka, sijaumwa tena. Mtu aliyepona atamwambukizaje mwenzake? Yunusu nimemwachisha kazi kwa mdomo wake.

Mke wangu anatunzwa. Mama yangu ni mtu mzima, ana moyo mbovu. Alimpenda marehemu kuliko alivyonipenda mimi, na kinachomwezesha kuamka asubuhi ni kujua kwamba Mwanakhamisi alichukuliwa na mambo ya Mungu na ya majini. Unataka niende nikamwambie nini? Kwamba nani alimuua? Kwamba wajukuu zake watatu nani aliwazika kabla hawajazaliwa?

Usiandike tena. Barua yako yoyote itakayokuja itakwenda ilikokwenda hii.

Wako katika heshima,
Muhidini


Iringa, 14 Novemba 1956
(kwa mkono wa Evarista)

Kwa Bi Mwanakhamisi, chumba cha uani,

Unisamehe, marehemu, kwa kulitumia jina lako. Uliniachia mlango mmoja tu.

Dada Jaha, ni mimi. Uliniandikia kwamba kilicho cha Mwanakhamisi hakuna mtu wa kukigusa. Basi nimekuandikia kwa jina lake, na nimempa Evarista, yule mama wa Kilolo anayeuza vitunguu, anakuja huko kumzuru binti yake. Nimemwagiza asiende dukani wala posta. Aingie uani, amkabidhi mama mkwe mkononi, aseme ni ya Mwanakhamisi, na anyamaze. Alinitazama sana, akasema, "Wewe mtoto, mimi Mkatoliki, mambo ya wafu sibebagi." Kisha akaitia kifuani. Ni mtu mwema.

Hiyo hina ni ugonjwa. Unaitwa kaswende. Mumeo alikuwa nao kabla yako, na wapi alikoutoa si lazima ujue. Ulimuua Mwanakhamisi na watoto wake, na utamuua wako usipopigwa sindano hospitali, wewe na mumeo. Nilikwisha kukuandikia hayo mwezi jana, akaichoma barua.

Sasa fanya hivi. Alhamisi, ngoma ikipigwa, pandwa na marehemu. Jifanye. Wewe ni fundi wa kujifanya tangu utoto. Sema kwa sauti yoyote itakayokujia kwamba Mwanakhamisi anataka sindano ya hospitali, yake na ya mumewe, ndipo atakaporidhika. Mama mkwe hatamsikiliza mkwewe aliye hai, lakini marehemu atamtii. Usitaje aibu yoyote ya Muhidini. Tukimwaibisha atakataa. Taka sindano, basi.

Fanya haraka, dada. Mvua zimeanza, na sijui barua hii itakufikia lini.

Kudra


Mbeya, 11 Desemba 1956

Kudra,

Evarista amefika leo, tope mpaka magotini. Basi lilikwama karibu na Chimala, barabara ikakatika, akakaa huko kwa watu mpaka vitunguu vikaanza kuchipua. Alifanya kama ulivyomwagiza. Mama mkwe aliipokea barua kwa kanga, bila kuigusa kwa ngozi, akailaza kitandani kwangu. Nimeisoma mara nyingi.

Yote unayoniagiza yamekwisha kufanyika. Yamefanyika Alhamisi, wiki mbili zilizopita.

Naikumbuka ngoma. Naukumbuka ubani, na kwamba miguu ilikuwa baridi na nilitaka soksi. Kisha nakumbuka nimelala juu ya mkeka na mama mkwe ameshika nyayo zangu analia. Ya katikati nimeambiwa.

Wanasema niliuliza, "Muhidini yuko wapi?" Wakamwita dukani akaja, akasimama mlangoni. Wanasema nilimwambia, "Wanangu watatu wananitosha huku. Huyu msiniletee. Mpelekeni mwenzangu hospitali akapigwe sindano, na wewe ukapigwe." Muhidini akasema kwa ukali, "Jaha, inuka, acha mchezo." Hapo nikafungua viganja nikamwonyesha, navyo vilikuwa safi, havina kitu, nikamwambia, "Mlango wa buluu, Muhidini. Ulikuwa unaniaga unakwenda kupima mpunga." Wanasema alikaa chini palepale kizingitini, juu ya sahani yangu ya chakula.

Mama mkwe hakuuliza mlango wa buluu ni upi. Asubuhi yake alivaa buibui, akatushika mmoja mkono huu na mwingine mkono huu, akatupeleka hospitali mwenyewe. Alimwambia mganga wa pale, "Marehemu amesema wote wawili." Yule mganga akasema marehemu ana akili kuliko wengi walio hai. Tulikwenda kila siku mpaka sindano zikaisha. Kwenye benchi la wanaume vijana walikuwa wamejifunika kofia mpaka puani, kila mmoja akijidai amemsindikiza mwenzake. Muhidini alikaa katikati yao bila kofia.

Nakaa bado chumba cha uani. Hakuna aliyesema nirudi, wala mimi sijaomba. Jana nilisafisha kitana, nikatoa nywele zote, nikazifunga kitambaani pamoja, zangu na zake, nikazizika chini ya ukuta.

Sijui leo nitie jina gani, kwa hiyo naacha.


Iringa, 27 Desemba 1956

Dada Jaha,

Namshukuru Mungu kwa sindano, na nimelia, na nimecheka kwa ile sahani. Yunusu naye amemaliza zake. Anawaambia vijana wenzake kituo cha malori kwamba kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa, nao wanamcheka. Philbert amekataa katakata, anasema fahali hapigwi sindano. Lakini jana nilimwona anajitazama viganja juani akidhani haonekani.

Mimi nimeposwa, na Halfani, mtoto wa fundi cherehani. Nimesema nitakubali akapime damu kwanza. Mama alitaka kuzimia, na mshenga ameondoka bila kumaliza chai. Nasubiri. Asiporudi, basi hakuwa wangu.

Sasa nina ombi, na unijibu. Mlango wa buluu niliuandika katika barua ya Oktoba tu, ile iliyochomwa. Katika barua ya Evarista sikuutaja, nilikuficha kwa makusudi, na hata hivyo ilifika mambo yamekwisha. Niambie uliiona ile ya Oktoba. Niambie uliidokoa dukani ukaisoma kabla yake, au ulimsikia Muhidini akibishana na dereva. Nitakuamini. Lile kopo la hina bado liko juu ya kabati, na mama anataka kulitumia.

Kudra


Mbeya, 24 Machi 1957

Mdogo wangu Kudra,

Amezaliwa. Ni wa kike. Alilia kabla hajatoka vizuri, kilio kikubwa, na mama mkwe aliposikia alianguka chini kifudifudi kwa shukrani, ikabidi wauguzi wamhudumie yeye kwanza.

Kabla sijamtazama uso nilimfungua vidole. Vilikuwa vimekaza, nilivifungua kimoja kimoja kama nilivyofunguliwa mimi. Viganja vyake ni safi. Nyayo zake ni safi. Wamempima damu wakasema atakuwa mzima, na tutarudi kupimwa tena wote watatu. Mama mkwe alitaka aitwe Mwanakhamisi. Nilikataa, jina hilo lina mwenyewe. Tumemwita Kudra, na usijivune, maana ana kichwa kikubwa kama chako. Nimesikia mshenga alirudi na Halfani amepimwa. Nitakuja nikupake hina mwenyewe. Mwambie mama mdogo alitumie lile kopo bila woga.

Nimerudi chumba cha mbele. Wananiita Jaha. Mara ya kwanza mama mkwe aliponiita hivyo nilichelewa kuitika.

Uliniuliza kama niliiona barua ya Oktoba. Ulitaka nikuambie kwamba niliisoma. Basi nakuambia niliisoma, upate kulala.

Kwa muda mrefu nilimwogopa yule mwanamke, Kudra. Tulimfukizia, tukampigia ngoma, tukamwita mwenye kinyongo. Sasa naamini alikuwa ananionyesha mikono yake tu, kwa kuwa alipokuwa hai hakupata wa kumwonyesha. Namhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu.

Fundi haji tena, ngoma imetundikwa. Lakini kila Alhamisi alasiri Muhidini anafunga duka mapema, anakuja uani, anavua viatu, anakaa kwenye kizingiti cha chumba kile. Mimi huwa ndani namnyonyesha mtoto, maana pana jua zuri. Anainamisha kichwa na kusema polepole, "Mwanakhamisi, nisamehe." Kisha anangoja. Anangoja mpaka jua linapotea nyuma ya ukuta, ndipo anavaa viatu na kwenda kuswali.

Naweza kumjibu. Sauti naijua, najua na pa kuitoa. Najua hata neno ambalo lingemwinua pale chini akalala usingizi.

Sijamjibu.

Dada yako,
Jaha